Sura ya Sita: Shokapu ya Jirani

Mwaka 2003 Suzuki ilitoa pikipiki ya magurudumu manne, yaani kwadi, iitwayo LT-Z400. Mwaka huohuo Kawasaki ikatoa KFX400. Mwaka uliofuata Arctic Cat, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa mashine za kukimbilia juu ya theluji, ikatoa DVX400. Madukani zilisimama kama washindani, ya Suzuki na manjano yake, ya Kawasaki na kijani chake, kila muuzaji akiisifu yake. Fundi aliyevua plastiki alikuta mashine moja yenye majina matatu: fremu ileile, injini ileile ya sentimita za ujazo 398, mikono ya magurudumu ileile na shokapu zilezile. Suzuki na Kawasaki walikuwa wameafikiana kushirikiana katika miundo, na Arctic Cat ilikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Suzuki. Mwenye KFX400 iliyopinda mkono wa mbele angeweza kuchukua mkono wa DVX400 iliyolala uani kwa jirani, akaufunga kwa bolti zake mwenyewe, na jioni akawa njiani.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndio unaowapotosha watu. Mtu akishaona mara moja kipuri cha mashine moja kikikaa kwenye nyingine bila kukwaruzana, huanza kuamini kwamba swali ni moja tu: kinaingia au hakiingii? Huamini pia jina lililoandikwa ubavuni. Ila LT-Z400 ya mwaka 2009 si ile ya 2003. Iliacha kabureta, ikaanza kupuliza mafuta kwa kompyuta, na mwili wake ukachorwa upya. Jina halikubadilika hata herufi. Anayenunua vipuri kwa kutaja jina pasipo mwaka ananunua kwa kubahatisha, na hata akitaja vyote viwili bado hajafika.

Katika sura hii nataka kusema jambo moja, na nitalizunguka kutoka pande nyingi. Shokapu haijui imefungwa kwenye mashine gani. Inajua urefu wake, ugumu wa springi yake na upana wa vitundu ambamo mafuta yake hupita, basi. Yaliyobaki yote huamuliwa na mkono iliofungiwa: mrefu kiasi gani, shokapu imekaa karibu au mbali na gurudumu, imesimama au imelala. Ukiihamisha shokapu kwenda kwenye mkono mwingine umeibadilisha, hata kama hujaigusa kwa spana.

Mashine hizi zilianza bila shokapu kabisa. Mwaka 1970 Honda ilianza kuuza Marekani chombo cha magurudumu matatu kilichoitwa US90, baadaye ATC90, kazi ya mhandisi Osamu Takeuchi. Wenye maduka walikuwa wametaka kitu cha kuuza msimu wa baridi, wakati theluji ilipoziweka pikipiki ghalani. Takeuchi akakipa chombo chake matairi manene ya inchi 22, yenye upepo mdogo sana, na matairi hayo ndiyo yaliyokuwa springi yake. Juu ya theluji na mchanga mwororo yalitosha. Kwenye njia ngumu ilikuwa habari nyingine, kwa sababu tairi lililojaa upepo ni springi isiyo na kizuizi. Linabonyea, linarudi, linadunda tena, na hakuna kinachoutuliza mdundo ule isipokuwa mikono na magoti ya mpandaji. Springi hubeba uzito. Shokapu huituliza springi. Wengi huviita vyote viwili shokapu kwa sababu vimevaliwa pamoja, lakini fundi lazima avitenganishe kichwani kabla ya kuvitenganisha mezani.

Magurudumu manne yalikuja na Suzuki LT125 mwaka 1982, na mwaka 1985 kampuni hiyohiyo ikatoa LT250R, mashine ya mbio yenye sasipensheni ya kweli. Honda wakajibu kwa TRX250R mwaka 1986. Mwaka 1988 watengenezaji walifikia makubaliano na serikali ya Marekani, mbele ya mahakama, kuacha kuuza mashine mpya za magurudumu matatu, baada ya watu wengi, watoto wakiwemo, kuumia na kufa. Tangu hapo soko likawa la magurudumu manne.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1987, Yamaha ilitoa Banshee. Nataka tukae nayo kidogo, maana ndiyo iliyowafundisha watu wengi kazi hii ya kuhamisha sasipensheni, kwa mema na kwa machungu. Injini yake ilikuwa ya mitungi miwili, sentimita za ujazo 347, ya kuchanganya mafuta na oili, ndugu wa ile ya pikipiki ya barabarani RZ350. Ilikuwa na nguvu na kelele, na watu waliipenda kwa mapenzi yasiyopungua. Yamaha iliendelea kuiuza Marekani hadi mwaka 2006, karibu miaka 20, na muda wote huo muundo wake wa msingi ulibaki ule wa 1987. Kwenye vilima vya mchanga vya Glamis kule California ndiyo iliyotawala, na kwenye michanga ya Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, ilipata wapenzi pia.

Mwaka 2004 Yamaha hiyohiyo ikatoa YFZ450, mashine ya mbio ya kizazi kipya, na shokapu zake za mbele zikiwa na virekebisho ambavyo mwenye Banshee alikuwa akivitamani. Haikuchukua muda mashine za YFZ450 zilizopinduka zikaanza kuchinjwa, na shokapu zao kuuzwa kwa bei ambayo kijana wa kazi anaiweza. Mwenye Banshee anaziona. Yamaha na Yamaha. Jicho la juu, jicho la chini, bolti moja huku na moja kule. Kwa nini zisikae?

Jambo la kwanza la kupima ni urefu, kutoka katikati ya tundu la jicho la juu hadi katikati ya tundu la jicho la chini, shokapu ikiwa imenyooka yote. Tuseme ile ya jirani inazidi ya kwako kwa milimita 20. Upana wa kidole gumba, mtu atasema, si kitu. Lakini shokapu haishiki gurudumu. Inashika katikati ya mkono, na mkono ni mtaimbo. Kama kutoka kwenye egemeo lililo kwenye fremu hadi kwenye boljointi ni milimita 400, na shokapu imefungwa milimita 240 kutoka egemeo, basi uwiano ni 0.6. Zile milimita 20 zinakuwa milimita 33 kwenye gurudumu. Pua ya mashine inapanda kwa kiasi hicho. Mikono inaning'inia kama mabawa ya kuku aliyelowa. Boljointi, ambayo ina kikomo cha kupinda, inafikishwa ukingoni hata kabla mtu hajapanda. Mhimili wa stelingi unalalia nyuma zaidi, na usukani unakuwa mzito. Hayo yote yametokana na upana wa kidole gumba.

Jambo la pili ni mwendo wa shokapu, yaani inabonyea kiasi gani kutoka kunyooka hadi kufumba. Shokapu yenye mwendo mrefu huonekana zawadi. Ila mashine iliyochorwa kwa mwendo mfupi haina nafasi ya kuupokea. Shokapu bado ina milimita kadhaa za kwenda, na tayari tairi limegusa fremu au mkono umegonga kibebeo chake. Kwenye sasipensheni nzuri, kitu cha mwisho kugonga ni ile raba iliyo kwenye fimbo ya shokapu, iliyowekwa hapo kwa kazi hiyo. Chuma kikigonga chuma kabla ya raba, kila shimo linakuwa nyundo, na nyundo hiyo inapiga mahali ambapo hakuna mhandisi aliyepaandaa kupigwa.

Jambo la tatu ndilo nililolijua vibaya kwa miaka mingi, hadi siku moja Paje, kusini mashariki mwa Unguja.

Huko, kama Nungwi, na kama Diani na Watamu kwa upande wa Kenya, kwadi hukodishwa kwa wageni. Njia ni mawe ya matumbawe yenye meno, na vipuri havipatikani jirani, kwa hiyo mafundi wanajitegemea kwa vilivyopo. Mashine niliyopewa ilikuwa ndogo ya Kichina. Niliichukua kwa safari ya saa moja nikairudisha baada ya dakika 15. Mbele ilikuwa inadunda kama ngalawa kwenye mlango wa mwamba: nikifunga breki pua inazama chini, nikiachia inaruka juu, na kwenye kona gurudumu la nje linajikunja hadi naona tairi likisugua. Nikainama kutazama.

"Fundi, hizi shokapu za mbele ni za nini?"

"Za bodaboda, ami. Za nyuma. Zimeingia bila kuchomelea hata kidogo. Na ni ngumu hizo, zinabeba watu watatu na magunia."

Alikuwa kijana makini, na hakusema uongo. Shokapu zile kweli zilikuwa zimetoka kwenye chombo kinachobeba watu watatu na magunia. Urefu ulilingana kwa kupima na futi. Macho yalilingana. Hakuna aliyezembea. Na bado mashine haikuwa ya kumpa mgeni, wala mwenyeji.

Tuliketi kwenye benchi lake tukachora kwenye kipande cha boksi. Kwenye bodaboda, shokapu ya nyuma hufungwa karibu kabisa na ekseli. Gurudumu likipanda sentimita moja, shokapu nayo inabonyea karibu sentimita moja. Uwiano wake unakaribia moja kamili. Tena ziko mbili, kushoto na kulia, zikilitumikia gurudumu moja. Kwenye kwadi, kila gurudumu la mbele lina shokapu moja, na hiyo imefungwa katikati ya mkono, pengine kwa uwiano wa 0.6.

Sasa mtu atadhani ugumu unaofika kwenye gurudumu ni asilimia 60 ya ugumu wa springi. Sivyo. Mtaimbo unakata mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu gurudumu likienda sentimita moja, springi inabonyea sentimita 0.6 tu, kwa hiyo inasukuma kidogo zaidi. Mara ya pili kwa sababu ule msukumo mdogo, ukisafiri kutoka katikati ya mkono hadi gurudumuni, unapungua tena kwa uwiano uleule. Ni 0.6 mara 0.6, yaani 0.36. Gurudumu linapata zaidi kidogo ya theluthi ya ugumu wa springi.

Tukaendelea na hesabu. Kwadi ya kilo 200 na mpandaji wa kilo 80 ni kilo 280, na tukisema asilimia 45 ziko mbele, kila gurudumu la mbele linabeba kilo 63. Gurudumu la nyuma la bodaboda iliyopakia linaweza kubeba kilo 170. Bodaboda ina springi mbili nzima kwa kilo 170, kwadi ina theluthi ya springi moja kwa kilo 63. Ukigawanya, kila kilo ya kwadi inapata karibu nusu tu ya ugumu ambao kila kilo ya bodaboda inaupata. Na hapo hatujahesabu kwamba shokapu ya kwadi inalala. Ikilala digrii 30 kutoka pale ambapo ingesimama wima juu ya mkono, ugumu unashuka tena kwa robo. Springi iliyobeba magunia ilikuwa laini mno kwa mtu mmoja.

Kijana alikuwa amejaribu dawa ambayo kila mtu huijaribu: kuikaza springi kwa ile pete yenye ngazi iliyo chini yake. Hili nalieleza kwa makusudi, maana hata wenye uzoefu hulikosea. Kukaza pete hakuifanyi springi kuwa ngumu. Springi ya kilo tano kwa milimita inabaki ya kilo tano kwa milimita, umeikaza au umeilegeza. Unachobadilisha ni mahali inapoanzia kazi, kwa hiyo mashine inakaa juu zaidi. Yeye aliikaza hadi ngazi ya mwisho, pua ikapanda, akaamini imekuwa ngumu. Kumbe alikuwa ameiba mwendo wa kushuka, ule ambao gurudumu linauhitaji ili lifuate shimo, na mashimo yakaanza kuirusha.

Kipimo kinachosema kweli ni kuzama. Pima urefu kutoka ardhini hadi sehemu fulani ya fremu mashine ikiwa imeinuliwa hadi magurudumu yananing'inia yakiigusa ardhi kwa shida tu, kisha ishushe, mpandaji akae na nguo zake zote za safari, upime tena. Kati ya robo na theluthi ya mwendo mzima wa gurudumu iwe imetumika kwa uzito tu. Ukilazimika kukaza pete hadi mwisho ili kupata kipimo hicho, springi si yake. Tafuta nyingine. Na ukibadilisha springi kwa ngumu zaidi, kumbuka kwamba ile shokapu ilijazwa mafuta na kupangiwa vitundu vyake kwa springi ya zamani. Springi ngumu inarudi kwa nguvu kubwa, na shokapu iliyopangwa kwa laini haiwezi kuishika. Ndiyo maana shokapu ya jirani lazima ifunguliwe na mtu anayejua ndani yake, au uchague ile ambayo ina kirekebisho cha mrudio nje.

Rudi kwenye Banshee na ile shokapu ya YFZ450. Wengi wanaoikuta ndefu mno huamua kubadilisha mikono pia, ya juu na ya chini, wapate mirefu. Hapo swali la uwiano linarudi upya. Mkono uliokuwa milimita 400 ukiwa 450, na kibebeo cha shokapu kikabaki pale pale kwenye 240, uwiano unashuka hadi 0.53, na ugumu unaofika gurudumuni unapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Mtu amenunua mikono mirefu ili mashine itulie kwenye kona, na bila kujua amelainisha springi kwa kiasi hicho.

Mikono mirefu ina faida yake, sibishi. Yamaha yenyewe ilionyesha. YFZ450R iliyotoka mwaka 2009 ilikuwa na upana wa inchi 49 hivi, kwa viwanja vya mbio vyenye kuruka na kona za wazi. Mwaka uliofuata wakatoa YFZ450X, dada yake, yenye upana wa inchi 46 hivi, kwa wanaopita katikati ya miti. Huko Marekani njia nyingi za misitu ya serikali haziruhusu chombo kinachozidi inchi 50, kwa hiyo upana ni suala la sheria pia. Walioitengeneza X waliipangia mikono na shokapu vikiwa kundi moja. Kwa maoni yangu mtu anayetaka kuipanua au kuipunguza mashine yake afuate njia hiyo: achukue mikono, shokapu, fimbo za stelingi na mipira ya breki kutoka kwenye mashine moja, vikija pamoja kama vilivyoishi pamoja. Kuchukua kimoja huku na kingine kule ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kukereza, muda mrefu, na subira ya kupima mara kumi.

Fimbo za stelingi nimezitaja kwa haraka, na hazistahili haraka. Mkono ukipanda na kushuka, ncha yake huchora upinde. Fimbo ya stelingi nayo huchora upinde wake. Kiwandani pinde hizo mbili zimelinganishwa ili gurudumu lipande na kushuka likiendelea kutazama mbele. Ukiweka mikono ya mashine nyingine na kuirefusha fimbo ya zamani ili ifike tu, pinde hazilingani tena. Gurudumu likigonga jiwe linapanda, na likipanda linajigeuza lenyewe, bila wewe kugusa usukani. Kwa mwendo wa polepole utahisi usukani unanong'ona mikononi. Kwa mwendo wa kasi, gurudumu moja linapogonga na jingine lisigonge, mashine inaamua njia yake.

Halafu kuna boljointi. Ncha yake ni koni, pana chini, nyembamba juu, na koni hiyo inapaswa kuketi kwenye tundu la umbo lilelile katika kile chuma kinachobeba habu. Koni za mashine mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisiwe moja. Ikizama mno, nati inafika mwisho wa hesi kabla haijakaza. Isipozama vya kutosha, inashika ukingo tu, na itajichimbia nafasi hadi ilegee. Paka rangi kidogo kwenye koni, iingize, itoe, utazame rangi imefutika wapi. Ikiwa imefutika pande zote, kutoka juu hadi chini, ni yake. Ikiwa imefutika kama pete moja, irudishe ulikoitoa, wala usimsikilize anayesema itajikalia yenyewe.

Kuhusu bushi na bolti sitakaa sana. Jicho pana kuliko bolti lichongewe bushi ya chuma kwa fundi wa kukereza, lisijazwe bati lililokunjwa. Jicho jembamba kuliko kibebeo lipate washa nene pande zote mbili, zenye unene sawa, shokapu isimame katikati. Bolti iwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani, na sehemu inayobeba mzigo iwe ile laini, isiwe yenye hesi. Mpira wa breki ujaribiwe gurudumu likiwa limening'inia kabisa na usukani umekatwa hadi mwisho, kushoto na kulia, maana mkono mrefu huuvuta.

Kuchomelea ni habari nyingine, na hapa nasema bila kuzungusha. Mkono uliokatwa ukaunganishwa kwa moto wa kawaida wa gereji ili urefuke siupandi, wala simpandishi mtoto wangu. Moto hubadilisha chuma kilicho kando ya maungio. Mara nyingi ufa hauanzii kwenye maungio yenyewe, huanzia milimita chache pembeni, mahali panapoonekana pazima, na hufunguka kidogo kidogo kila shimo hadi siku moja mkono unakatika na gurudumu linajikunja chini ya mashine. Wapo mafundi wenye vifaa na elimu ya kazi hiyo, wanaojenga mkono mzima upya kwenye kalibu kwa bomba la chuma linalojulikana. Hao wanajulikana kwa kalibu zao na kwa maswali wanayouliza kabla ya kuwasha moto.

Nyuma ya kwadi ya mbio kuna mkono mmoja mkubwa, ekseli nzima isiyogawanyika na shokapu moja, mara nyingi ikiwa imeunganishwa kwa vipande vya chuma vinavyobadilisha uwiano kadiri gurudumu linavyopanda. Kuchukua shokapu ya nyuma ya mashine nyingine bila vipande vyake ni kuchukua nusu ya kifaa. Ukichukua na mkono wenyewe, tazama kwanza kipenyo cha bolti ya egemeo, kisha mstari wa mnyororo kutoka gia ndogo hadi gia kubwa. Mnyororo ukipinda hata kidogo hula meno ndani ya siku chache. Kwenye mashine za kazi zinazozungusha magurudumu yote manne kuna kikwazo kingine: viungo vya ekseli zake vina kikomo cha kupinda, na shokapu ndefu huvifikisha huko hata mashine ikiwa imesimama.

Pale Paje tulimaliza kwa jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya, na ambalo naliomba ulifanye kabla ya kukaza nati ya mwisho kwenye mashine yoyote. Inua mashine, iweke juu ya stendi imara, siyo juu ya jeki. Vua springi kwenye shokapu, ibaki shokapu tupu. Ifunge mahali pake pamoja na mikono, fimbo za stelingi, gurudumu na mpira wa breki. Sasa gurudumu linapanda na kushuka kwa mkono wako. Lishushe hadi mwisho, utazame boljointi na mpira wa breki. Lipandishe polepole, usukani ukiwa umenyooka, na mwenzako apime kwa futi umbali kati ya matairi mawili, mbele na nyuma, kila baada ya sentimita mbili. Lipandishe hadi shokapu ifumbe, utazame nini kimegonga kwanza. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto, kisha kulia.

Kijana alishika tairi, mimi nikashika tochi. Shokapu ilikuwa bado na milimita 40 za mwendo wakati ukingo wa tairi ulipogusa kibebeo cha mkono wa juu. Alama ya kusugua ilikuwa pale tayari, raba nyeusi juu ya chuma kilichokwanguka rangi, na hakuna aliyekuwa ameiona kwa sababu hakuna aliyewahi kutazama kutoka chini, springi ikiwa imetolewa. Alizifungua zote mbili alasiri hiyohiyo. Ile kwadi ilikaa juu ya stendi wiki tatu ikisubiri shokapu za mashine ya aina yake kutoka Dar es Salaam. Zile za kwanza zilirudi kwenye bodaboda ya kaka yake.